Kuosha Ini Mpaka Liwe Jeupe

Siku ya kwanza kazini niliharibu ini. Bi Mkuu, mwanamke mtaratibu aliyeiongoza maabara yetu ndogo pale Chake Chake, alinituma machinjioni nikachukue ini la mbuzi pamoja na nyongo yake. Nilipolipata, mkono ukafanya ulichozoea nyumbani. Nikaikata nyongo, nikaitupa, nikalisuuza ini mpaka likang'aa. Mama alitufundisha kwamba nyongo ikipasukia ini, hakuna wa kulila.

Bi Mkuu alifunua ndoo, akatazama.

"Hili la kukaanga. La kwangu liko wapi?"

"Nimelisafisha, Bi Mkuu."

"Umelisafisha kweli. Nilichokutuma kishaliwa na kunguru."

Hakucheka, ila hakunifukuza.

Nawaandikia wenzangu mtakaoifanya kazi hii baada yangu. Ndani ya ini mna mirija midogo sana inayokusanya nyongo, kama vijito, mpaka yote inaingia mrija mmoja unaokwenda kwenye utumbo. Wapo watoto wanaozaliwa mirija hiyo imeziba. Macho yao huwa manjano, choo chao hupauka kama chokaa, na ini huharibika taratibu. Bi Mkuu alitaka kujua kama ini dogo lenye mirija yake linaweza kutengenezwa, ili siku moja apandikizwe mtoto kama huyo. Hatukufika huko, hata karibu hatukufika.

Kazi yangu ilikuwa kuosha. Nilifunga mpira mwembamba kwenye mshipa mkubwa wa ini, pampu ikasukuma maji safi, kisha maji ya sabuni maalumu, polepole, siku tatu. Sabuni huziondoa seli, yaani vile vipande vidogo mno vilivyoujenga mwili. Ini hutoka kwenye kahawia, likaingia waridi, mwisho likawa jeupe la kupenya mwanga, kama nyama ya dafu changa. Kinachobaki huitwa kiunzi. Ni nyumba iliyohamwa. Kisha Bi Mkuu hupanda humo seli hai alizozikuza kwenye kabati la joto, akangoja zishike.

Pampu haiachwi peke yake, kwa hiyo nilikaa nayo. Bi Mkuu alikuwa nyuma ya kioo na hadubini yake, na siku ikapita bila sisi kusema maneno kumi. Ijumaa, tukitoka msikitini, vijana wenzangu waliniita, "Bwana Maini! Leo umeosha mangapi?" Walicheka, wakaendelea na mazungumzo yao. Sikujua pa kuingilia. Nilirudi kwenye pampu.

Maini manne mfululizo yalivuja. Tulipitisha maji ya rangi kwenye mrija wa nyongo, yakatoka ubavuni. Bi Mkuu akaniambia, "Imebaki nafasi ya ini moja. Na hili likivuja, mradi unafungwa. Seli ziko tayari, hazitanisubiri wiki. Na kesho Idi, machinjio yamefungwa. Huna mtu wa kutupatia ini?"

"Ninaye baba."

Baba anaishi Ole. Kila Idi ya Mfunguo Tatu huchinja mbuzi baada ya sala, na ini ndilo tunalofungulia. Hakuna atiaye kitu kinywani kabla yake. Nilifika mbuzi akiwa ameshachunwa, kisu cha baba kikielekea kwenye nyongo.

"Baba, usikate!"

Wote wakageuka. Nikaeleza, nikibabaika, habari za watoto wa macho manjano na yale maini manne.

"Sasa sisi tufungulie nini, mkaa?" akauliza kaka.

Dada akadakia, "Mwache, huyu ndiye Bwana Maini."

Baba hakucheka. Alinipa kisu. "Likate wewe unavyotaka. Sadaka ina mahali pengi pa kwenda."

Nililitoa zima, na nyongo yake. Hakuna aliyenikaribisha kukaa, nami sikuwa na muda. Idi ile niliila maabara, mkate mkavu na chai, nikisikiliza pampu.

Siku ya nne Bi Mkuu alipitisha maji ya rangi. Yakaenda kijito kwa kijito mpaka pembeni kabisa, yasitoke. Akapanda seli, zikashika hata kwenye mirija. Aliniita nyuma ya kioo nikaangalie. Ilikuwa mara ya kwanza.

Matokeo yale ndiyo yaliyouhamisha mradi, ukapelekwa bara kwenye mashine kubwa. "Huko wanataka vyeti, mwanangu," Bi Mkuu aliniambia, akitazama chini. Mimi niliishia darasa la saba. Niliosha pampu, nikaikausha, nikaifunga kwenye boksi.

Nimestaafu kabla ya ndevu kujaa. Nilichojifunza ni kidogo: maji yasiharakishwe, na mtu afanye kazi vizuri hata kama haoni mwisho wake.

Niliporudi Ole, baba alinikuta kibarazani.

"Lile ini, lilivuja?"

"Halikuvuja, baba."

"Mtoto kapona?"

"Hakuna mtoto aliyewekewa bado. Bado sana."

"Basi waambie, mwakani wakitaka jengine, lipo."

Nikamwitikia, "Haya, baba." Sikuwa tena na wa kumwambia.