Mwezi Chini ya Zuhura

Watu husema mimi sipendi mzaha. Sawa, siupendi. Mzaha niliupata wa kunitosha nikiwa darasa la sita, Malindi, miaka ya themanini, kwa mwalimu wa sayansi aliyetuchoka kabla hata hajatujua.

Alikuwa kijana nadhifu, anataka kazi Nairobi, akaletwa kwetu. Adhuhuri, mabati yanawaka na nusu ya darasa inasinzia, yeye hukaa juu ya meza akaanza. Mirihi ni nyekundu kwa sababu watu wake hupikia mawese. Pete ya Zohali ni ringi ya baiskeli iliyopotea. Tukicheka hutukazia macho. "Mnacheka nini? Andikeni." Tunaandika. Katikati ya upuuzi huo hutia na ya kweli, kwamba dunia hulizunguka jua, kwa sauti ile ile na uso ule ule mkavu. Mtoto angejuaje lipi ni lipi? Kwetu neno la mwalimu halikuulizwa mara mbili, na yeye alilijua hilo vizuri sana.

Siku moja akasema Zuhura ni taa ya mwezi. Mwezi ukiandama, alisema, huwa mwembamba mno, watu hawauoni. Lakini Zuhura iking'aa upande wa machweo jua likishatua, basi mwezi uko chini yake, umefungwa nayo kama mbuzi na kamba. "Wazee wenu wanahangaika bure kule ufuoni," akasema. "Tafuteni Zuhura, mwezi mmeupata." Hilo hatukulicheka. Lilikuwa limekaa kama elimu.

Baba yangu alikuwa mshona kanzu. Hakuwa shekhe wala tajiri, alikuwa mtu wa kauli moja, basi. Kwa hiyo kila Ramadhani, jioni ya mwezi ishirini na tisa, imamu wa mtaa wetu alimtuma yeye kwenda kuutazama mwezi. Akirudi akasema ameuona, watu hula idi. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake, wala hakuwa na nyingine. Lakini macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Nyumbani mimi ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano, na mama alinikanya nisimwambie mtu.

Mwaka ule akaniambia twende pamoja ufuoni. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Jua likatua, pakabaki wingu jembamba, na juu yake Zuhura, inang'aa vizuri kabisa. Moyo ukanidunda kwa furaha. Niliukodolea macho ule mstari wa wingu chini yake, na kwa vile nilijua mwezi upo, nikauona.

"Ule pale baba, chini ya Zuhura."

"Una hakika, mwanangu?"

"Wallahi nauona."

Akafuata kidole changu. Kwa macho yale, nadhani aliona mwanga tu, umetapakaa. Kisha akasema, "Naam. Nauona."

Tukaenda msikitini, akamwapia imamu. Redio ilikuwa haijasema kitu, lakini mtaa wetu haukuwa ukingoja redio. Ulikuwa na baba. Asubuhi tukala idi, sisi peke yetu. Mitaa mingine yote imefunga, sisi tunapita na sahani za mkate wa sinia. Jioni ile mwezi ukaandama kweli, mwembamba kama uzi, mbali kabisa na Zuhura, ukazama mara moja. Ulikuwa mwezi wa usiku wa kwanza, hata mtoto angejua. Mtaa mzima ukadaiwa funga ya siku moja.

Nilimweleza baba yote. Hakunipiga. Alivaa kanzu yake safi, tukaenda shule, akamsalimia mwalimu kwa adabu, mwalimu aliye sawa na mwanawe, akamuuliza kama ni kweli alifundisha hivyo. Yule kijana akacheka.

"Ah, mzee, ule ulikuwa mzaha tu. Hawa watoto bila mzaha wanalala."

"Wao hawakujua ni mzaha," baba akasema.

"Basi hawana akili, mzee. Nifanyeje?"

Hakuomba hata radhi. Alichukua chaki yake akaingia darasani. Mpaka leo nikikumbuka mgongo ule unavyoondoka, damu hunichemka.

Njiani nilimwomba baba amwambie imamu habari ya mwalimu, ili watu wajue hakusema uongo.

"Niwaambie nini?" akajibu. "Kwamba niliapa kwa macho ya mtoto, na yangu hayaoni? Hilo si ndilo baya zaidi?"

Watu wa mtaa wakamwita mwongo, akawaacha wamwite. Ramadhani iliyofuata imamu alimtuma mtu mwingine. Baba alikaa ukumbini siku ile, mlango umefungwa, anapitisha tasbihi, na sisi sote tulijifanya hatuoni.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakudanganya mtu. Tulipomzika, matangani, nilimsikia mzee mmoja wa mtaa akimweleza mgeni marehemu alikuwa nani. "Si ndiye yule," akasema, "aliyetulisha mchana wa Ramadhani." Mgeni akacheka kidogo, kwa adabu. Nami nimesimama mlangoni na birika la kahawa, na udongo wa kaburi la baba haujakauka.