Mhasibu wa Nyuma ya Duka la Pembejeo

Wivu wangu ulianza na mlio wa cherehani. Mwenzangu, kijana wa Kimasai kutoka Nainokanoka, alikuwa amefungua banda lake ng'ambo ya barabara, na cherehani yake nzito ya kushonea turubai ilinguruma kama lori linalopanda mlima. Yangu ililia kama kifaranga. Kazi tulijifunza kwa fundi mmoja hapa Karatu: kushona mahema ya kambi za watalii, kubadilisha zipu, kuziba matundu yaliyoachwa na nyani. Tukaondoka kwake pamoja, kila mtu akajitegemee. Tulianza sawa kabisa. Lakini magari ya kambi yalipaki kwake.

Mimi ni Mmbulu, mtoto wa wakulima wa Kansay. Shule niliishia kidato cha pili, ila ndoto sijawahi kupungukiwa. Kabla sijapata hema hata moja la peke yangu, nilishachora kitambaa kidogo chenye jina langu, cha kushonwa pembeni ya kila hema nitakalotengeneza. Mama alikuwa akichambua maharage ya ngwara uani, akakitazama kile kitambaa, akasema, "Ni kizuri. Sasa kishone kwenye gunia, maana ndilo ulilonalo."

Siku moja nilivuka barabara nikajifanya nimekuja kuazima sindano.

"Ero," nikamwamkia kwa Kimasai, "kazi zikoje?"

"Zipo tu."

"Nyingi?"

Mwenzangu akacheka bila kuinua macho. "Mmbulu wewe, kwetu mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi. Ukiwataja hesabu wanapungua."

"Mahema si ng'ombe."

"Kwangu mimi ni ng'ombe."

Nikarudi na sindano nisiyoihitaji, roho ikiniwaka.

Masika ilikuwa inakaribia. Ndio wakati kambi nyingi zinafunga na mahema yanashushwa kutengenezwa. Kambi moja ya juu, kwenye ukingo wa kreta ya hifadhi, ilitaka fundi wa kushika mahema yake yote. Kazi kama hiyo ukiipata unaweza kuishi mwaka mzima na jina juu. Meneja akaniambia kwenye simu nilete bei iliyoandikwa vizuri, leseni na namba ya mlipakodi. "Fundi asiye na karatasi simlipi," alisema, "na wala getini hapiti." Nilichokuwa nacho mimi ni uzi.

Nilijua mwenzangu naye anaitaka kambi hiyo. Tena nilijua ana mhasibu, kwa sababu nilikuwa nikimwona akiingia chumba cha nyuma ya duka la pembejeo, bahasha ameificha chini ya shuka. Nikaapa siendi anakokwenda yeye. Nitatafuta mhasibu mkubwa kuliko wake.

Nikampata ghorofani. Ofisi ina vigae, kiti kinazunguka, mwenyewe amefunga tai. Leseni na namba ya mlipakodi alinishughulikia vizuri, sitamsingizia. Lakini kilichonivutia kwake ni maneno. Wakati anachapa, alinisimulia mwenye gereji gani amebanwa na ofisi ya kodi, na mwenye hoteli gani anaringa kumbe hana kitu. Nilicheka mpaka machozi. Nikajiambia, huyu ndiye, hapa nitakuwa nazijua habari za mji mzima. Akanichapia bei yangu ya kambi, ndogo kabisa, maana nilitaka kumpiku mtu.

Kisha ikaja siku ya mnada. Nimesimama kwenye moshi wa nyama, fundi viatu mmoja akanipiga begani.

"Kaka, nimesikia bei uliyowapelekea wale wa kambi. Kwa bei ile si ungeomba tu uwapikie na chai?"

Watu wakacheka. Mmoja akaongeza, "Mwacheni, anashona kwa sadaka."

Nikaiweka nyama chini. Ukiacha meneja, bei ile tuliijua wawili tu, mimi na mwenye tai. Nikaelewa kwamba nilipokuwa nikicheka za wenzangu, na zangu zilikuwa kwenye foleni. Wivu haukunipa hata nafasi ya kukasirika. Wazo la kwanza lilikuwa, je, mwenzangu amesikia?

Meneja alikuwa bado anapokea bei. Basi kiburi nikakiweka mfukoni, nikaenda nyuma ya duka la pembejeo.

Chumba kilinuka dawa ya mahindi. Mhasibu alikuwa mama wa makamo mwenye sweta, meza yake ya mbao, kuta zake za mbao. Nikamwamkia, akanionyesha benchi, akaisoma karatasi yangu.

"Turubai utalipandishaje huko juu?"

"Kwa gari, mama."

"Mbona gari hujaliandika? Na uzi? Na siku mvua itakapokukalisha bure?"

Nikaomba kalamu niviongeze.

"Na wewe mwenyewe uko wapi hapa? Nimeona sindano, nimeona zipu. Mshonaji simwoni."

Kweli, nilikuwa nimejisahau. Tukaandika upya, na bei ikapanda hadi nikaogopa kuitazama. Hapo ndipo nikauliza lile swali lililokuwa limenitoa nyumbani.

"Mama, yule kijana wa Kimasai wa ng'ambo ya barabara, yeye amewaandikia ngapi?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. "Mwanangu, ukitaka habari za watu nenda kwa kinyozi. Hapa tunafanya hesabu."

Nilitoka na aibu, lakini njiani nikajikuta natembea wepesi. Kwa mara ya kwanza niliamini kwamba bei yangu imelala salama mahali. Nikamwelewa pia mwenzangu. Mtu wa kwao hawezi kumwachia ng'ombe wake mchungaji anayewataja kwenye kila kilabu cha pombe.

Keshokutwa yake nilirudi kuchukua karatasi zilizopigwa muhuri. Mlango ulikuwa umefungwa, kuna mteja. Nikaketi kwenye benchi la nje. Kuta za mbao hazifichi kitu, nikasikia sauti ninayoijua.

"Mama, yule Mmbulu wa cherehani ndogo. Nimemwona anakuja kwako. Amewapelekea bei gani?"

"Kinyozi yuko pale mbele," mhasibu akasema. "Ulipita mlangoni kwake ukija."

Niliziba mdomo kwa mikono miwili. Yeye, asiyeulizwa ng'ombe! Nililala kwa shida kila nilipoisikia ile cherehani, kumbe na yeye halali akikisikia kifaranga changu. Mlango ukafunguka. Akaniona. Tukatazamana, bahasha yake chini ya shuka, mimi mikono mdomoni.

"Mvua inakuja," akasema.

"Inakuja," nikasema.

Nikapeleka bei mpya kuchukua nafasi ya ile ya kwanza, na wiki iliyofuata meneja akanipigia. Kambi ni yangu. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza, nisije nikamkumbusha kufikiri tena. Asubuhi ya kupanda juu nilipakia marobota ya turubai kwenye gari, manyunyu yanaanza. Mwenzangu akavuka barabara. Akashika upande mmoja wa robota zito bila kuombwa, tukalisukuma ndani pamoja.

"Kazi zikoje?" akauliza.

Nilikuwa nimeungojea huo wakati kwa hamu. Nilikuwa nimepanga kumtajia kila hema, na vyumba vyake, na choo chake. Lakini nilipomtazama, macho yake yalikuwa yale yangu ya siku ya sindano, na moyo ukanilegea.

"Zipo tu," nikasema.

Akatabasamu, akarudi bandani kwake. Gari lilipowaka nikasikia cherehani yake imeanza kunguruma, nene, tamu, ikifunika hata injini. Mfukoni nilikuwa na vile vitambaa vyenye jina langu, vya kutosha kambi nzima, na bado nikageuza shingo kuitazama ile cherehani mpaka tukakata kona.