Ndagala Nyuma ya Mlango

Nikuambie kilichonipata San Sebastian, mji wa Wabaski kando ya bahari, kaskazini mwa Uhispania, ambako gazeti langu lilinituma mwaka huu kuandika juu ya vyakula. Ufuo wao maarufu niliupita haraka, nina njaa. Katika baa moja nyembamba watu walisimama kwenye kaunta wakila vipande vya mkate vilivyobeba samaki wadogo wa chumvi, kwa vidole, bila haya. Nikala kimoja. Nikaandika "ladha ya kipekee," kisha mkono ukasita. Ladha ile niliijua. Utotoni nilikuwa nikiitupa kila asubuhi.

Tuliishi Yeoville, mtaa wa Johannesburg, ghorofa ya pili, mimi na bibi yangu aliyetoka Uvira, Kongo. Sokoni alinunua ndagala wakavu, samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, akawachambua mchanga kwenye ungo, akawakaanga kwa nyanya na pilipili hadi ngazi nzima ikanukia. Asubuhi aliniwekea na mkate katika kopo la siagi. "Kula na macho yake," alisema, "ndiyo utaona mbele."

Siku ya kwanza nilipolifungua darasani, wenzangu walibana pua. "Eish, huyu amekuja na ziwa lote." Tangu hapo, nikifika robot, zile taa za kuongozea magari, nilimwaga ndagala nyuma ya pipa la taka. Jioni nilimrudishia bibi kopo tupu. Alifurahi, akaongeza kipimo.

Jumamosi moja fundi cherehani wa ghorofa ya chini alimtania ngazini. "Mama, mapaka ya pale robot yamenenepa na ndagala yako. Unayafuga?"

"Mimi nafuga mjukuu tu," bibi akajibu, akicheka. Kisha akanitazama, na kicheko kikakatika. Nikainamia viatu vyangu.

Hakunipiga wala hakuniuliza. Jumatatu kopo lilikuwa na mkate wa jemu. Jioni ile alichukua sahani yake ya ndagala, akatoka nje kwenye roshani, akafunga mlango nyuma yake. Nilidhani amekasirika. Aliporudi alinusa mkono wa sweta yangu ya shule iliyotundikwa kitini, akaridhika kwamba haikushika harufu. Ndivyo alivyokula tangu siku ile, hata katika baridi ya Juni, blanketi mabegani, nami ndani kwenye joto nikimwona kupitia kioo. Mlango haukuwa na kufuli. Sikuufungua hata mara moja.

Sasa bibi hayupo, fundi amehama, na roshani ile imejaa nguo za watu nisiowajua. Ndagala bado wanauzwa pale sokoni.

Makala niliiandika vizuri. Niliwasifu Wabaski kwa kuheshimu samaki mdogo. Mhariri alipoisoma aliniuliza kama nilishawahi kuonja kitu kama hicho.

Nikamjibu kwamba sijawahi.