Ng'ombe wa Ntobo

Siku nilipomchongea tate nilikuwa nimevaa kitenge changu cha kanisani, na nilikivaa makusudi. Uvumi ulikuwa umezunguka maduka yote ya kijiji chetu cha Misiera kwamba kuna mama mwenye daftari anapita nyumba kwa nyumba. Sisi wakimbizi wa kambi ya Nakivale, hapa Uganda, tulijua daftari lina maana moja tu: watu wanachaguliwa kwenda ng'ambo. Nikaoga, nikamwogesha binti yangu, nikafagia mpaka njia ya watu wengine, nikakaa mlangoni kungoja.

Tate alikuwa jirani yangu. Kwetu kwenye milima ya Kivu Kusini tate ni bibi, na watoto wote wa upande wetu walimwita hivyo, ingawa wajukuu wake mwenyewe walibaki njiani tulipokimbia. Usimfikirie bibi mpole wa hadithi. Alikuwa na ulimi wa wembe, alikoroma mchana, na mahubiri yakirefuka alimkatiza pasta kwa kikohozi cha uongo. Lakini kila asubuhi, sisi mama tukienda kulima au kuuza vitunguu, yeye alikusanya watoto wetu wadogo, wale wa miaka mitatu mpaka sita, akapanda nao kilima cha nyuma ya nyumba.

Huko walichunga. Ng'ombe wetu wa kweli walikuwa wameibwa na kuliwa Kongo, kwa hiyo tate aliwapa watoto ntobo, tunda la njano la kichaka chenye miiba, chungu kuliko dawa ya malaria. Ulichomeka vijiti vinne vya miguu na viwili vya pembe, tayari una ng'ombe. Kila mtoto alikuwa na kundi lake na zizi lake la miiba. Sheria ilikuwa moja: ng'ombe mmoja akipotea, hakuna anayeshuka nyumbani mpaka apatikane, na wanamtafuta wote. Siku ya kwanza ya kila mtoto, tate alikata tunda akamwambia, "Ramba." Mtoto akakunja uso na kutema. "Sasa umejua." Hakuna aliyejaribu tena.

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Alijua nyasi ipi inakata vidole, na mawingu yapi ya upande wa Ngarama yanaleta mvua na yapi yanatutania tu. Alibishana na wakubwa wake juu ya mipaka ya malisho, na mara nyingi alishinda. Alirudi jioni amechanwa na miiba, ana matope mpaka kwenye kope, anaongea bila kupumua. Mimi nilisikia kelele na kuona matope. Mkimbizi huangaliwa kila siku, na nilikuwa nimeapa kwamba hakuna mtu atakayemwangalia mwanangu aone uchafu.

Jioni moja alinyoosha mkono, ntobo kubwa kiganjani.

"Mama, nakupatia huyu. Iko na mimba."

Kwetu kupewa ng'ombe si jambo dogo. Aliyetoa na aliyepokea wanakuwa watu wa kufa na kuzikana, na anayepokea hujibu kwa baraka. Nilijua hayo tangu sijaota meno. Nikasema, "Ni uchafu! Nenda unawe mikono." Nikamtupa ng'ombe kwenye jalala mimi mwenyewe.

Basi mama wa daftari akafika. Alikuwa Mganda, mwenye viatu vizuri, akizungumza Kiswahili cha sokoni na kumwita kila mama "nyabo".

"Nyabo, watoto ya hapa nashinda wapi?"

Ningeweza kusema wako kilimani na bibi yao, nikaishia hapo. Lakini niliona kalamu, nikaona ndege, nikaona theluji niliyosimuliwa na walioondoka. Nilitaka nionekane mama anayejua maendeleo.

"Kuko muzee mumoja anabapelekaka mu pori," nikasema. "Banachezea matope kutwa. Anabalambisha hata matunda ya sumu. Miye sipendi, lakini nitafanya je?"

Neno sumu aliliandika mara moja. Nilimtazama akiliandika, na nikafurahi.

Hakukuwa na ng'ambo. Daftari lilikuwa la mradi wa watoto wadogo. Mvua mbili hazijapita wakajenga kituo chenye sakafu ya saruji na uzio wa waya, na kabati la vitu vya kuchezea vya plastiki lililofungwa kwa kufuli ili visipotee. Tate aliitwa ofisini. Aliambiwa akionekana tena porini na mtoto wa mtu atapelekwa polisi. Aliporudi alisimama mbele ya mlango wangu.

"Ulisema sumu?"

"Tate, banauliza tu..."

"Nilimulambisha asiikule."

Hakuniambia neno jingine mpaka alipohamia kwa ndugu zake, kijiji cha ng'ambo ya ziwa. Habari ya kifo chake niliipata sokoni, kutoka kwa mteja aliyekuwa anachagua vitunguu. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu ni binti.

Maana binti yangu aliingia ndani ya uzio. Wiki za kwanza alisimama ameshika waya akiangalia kilima. Baadaye akaacha kuangalia, nami nikasema ametulia. Alijifunza kukaa, kukunja mikono, kuimba herufi. Alirudi nyumbani msafi kama alivyotoka, akala, akalala bila kunisimulia chochote. Mungu anisamehe, nilijivuna.

Alipokuwa na miaka minane nilimwacha kwa dada yangu, nikapata kazi mjini Mbarara, upande wa Nyamitanga, kufua na kusafisha katika shule ya chekechea ya watoto wanaoletwa kwa gari. Muhula mmoja lori likamwaga udongo uani. Wazazi wakaitwa. Mwalimu mkuu akawaeleza kwamba mtoto mdogo lazima acheze nje, kwenye udongo na majani, hapo ndipo anapata ujasiri, anajifunza kuongea, kuamua, kusaidiana na wenzake. Wazazi wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi nilikuwa nyuma yao na ndoo. Nilitaka kucheka.

Watoto wale walisimama juu ya udongo na viatu vyao vya mpira hawajui waanzie wapi. Siku hiyo hiyo nikashuka mto Rwizi, nikachuma ntobo, nikawachomekea miguu na pembe. Wakaanza kupiga kelele. Mwalimu mkuu akaja mbio.

"Nyabo, hii nani nakufundisha?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kumtaja tate angalau mara moja.

"Ni mchezo wa kwetu tu," nikasema.

"Iko muzuri sana! Watoto yako huko kambi nacheza hii kila siku?"

"Ndiyo, madam," nikasema. "Kila siku."

Nilikwenda Nakivale Krismasi na ntobo moja ndani ya mkoba, nzuri, ya njano iliyoiva. Nilikuwa nimeitengeneza kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kutengeneza kitu. Njia nzima nilishikilia mkoba magotini zisivunjike pembe. Binti yangu alikuwa mlangoni, nguo imenyooshwa, nywele zimesukwa. Nikapiga magoti mbele yake, mimi mwanamke mzima, nikanyoosha kiganja.

"Nakupatia huyu," nikamwambia. "Iko na mimba."

Aliliangalia tunda, kisha akaniangalia mimi kwa huruma, kama mtu anayemsahihisha mgeni.

"Mama, hiyo ni uchafu."

Akaenda kunawa mikono kwa sabuni, ingawa hakuwa ameligusa.