Siku Magokoro Alipounyamazisha Moto

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele yakiwa yameanza kung'oka, nilipelekwa kilimani Manga kwa nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Magokoro. Wazazi wangu walikaa mjini Kisii. Baba alikuwa fundi cherehani, na mama alikuwa amejifungua. Nilipanda kile kilima nikilia. Baada ya miezi michache, kilichoniliza kilikuwa kufikiria kushuka.

Magokoro alikuwa na imani moja ambayo hakuna mhubiri aliyeweza kumtoa. Ukuni ukivuma na kutoa ulimi wa moto kando, alisema moto unacheka, na mgeni yuko njiani. Papo hapo aliongeza unga wa wimbi, hata kabla ya kujiuliza ni nani anayekuja. Na wageni walikuja kweli. Nami niliwapenda, maana mgeni njoo, mwenyeji apone: siku hizo tulikula kuku.

Kisha mama akatuma habari kwamba shule ikikaribia kufunguliwa atakuja kunichukua. Tangu hapo niliuogopa ule moto. Kila ukuni nilioutia mekoni niliuomba unyamaze.

Asubuhi moja ukacheka. Tulikuwa wawili tu jikoni. Nilimtazama Magokoro nikingoja ainuke kwenda kwenye kapu la unga. Hakuinuka. Alichota jivu kwa kiganja, akaumwagia ule ukuni taratibu mpaka ukanyamaza.

"Magokoro, mbona unauzima?"

"Moshi unaniumiza macho, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyozoea kunitania.

Moshi haukuwepo. Macho yake lakini yalikuwa yamelowa.

Mama alifika kabla ya adhuhuri, mdogo wangu mgongoni. Nadhani ndiye mgeni pekee aliyewahi kuikuta nyumba ile haijapika.

Juzijuzi nilipanda tena Manga. Palipokuwa na jiko pameota migomba, na mabati ya mji yanang'aa pale chini, karibu mno. Sikujua kwamba palikuwa karibu hivyo. Utotoni safari ile ilikuwa kama kuvuka nchi, na nilimlilia Magokoro njia nzima.

Mimi hupikia gesi, isiyotabiri lolote. Wajukuu hunipigia simu kabla ya kuja, nami hufurahi. Ila asubuhi ya kuondoka, wanapofunga mabegi na gari la mama yao linapopiga honi langoni, mkono wangu hutafuta jivu.