Nyekundu Ndiyo Kazi

Kiwanda chetu cha kuchambulia pamba, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kililetewa kompyuta ya kusimamia mitambo katika miaka ya themanini. Nikakabidhiwa mimi, kwa sababu moja tu: nilikuwa nimesoma chuo kikuu. Kwamba nilisomea historia hakukumsumbua mtu.

Skrini ilionyesha kila mashine kwa kisanduku cha rangi: inayofanya kazi kijani, iliyosimama nyekundu. Msimamizi wa mitambo, mzee wa Kishapu aliyezijua mashine zake kwa mlio, aliikataa siku ya kwanza.

“Mwanangu, hizo langi umeziweka kinyume.”

“Rangi, mzee,” nikamsahihisha.

“Hizo hizo. Mashine ikifanya kazi si inapata moto? Moto ni mwekundu. Ikisimama imepoa, kama majani.”

Nikamweleza kwamba hata taa za barabarani, nyekundu ni kusimama. Akaniuliza hizo taa hapa Shinyanga ziko mtaa gani.

Meneja akamuunga mkono, akaniamuru nizigeuze. Kutwa nzima nikapigana na kitabu cha maelekezo. Mara herufi zote zikawa nyekundu juu ya nyekundu, nikawa natazama skrini kama kipofu, nikaanza upya. Kufika saa kumi jioni, nilipodhani nimemaliza, kompyuta ikadai kwanza niipe neno jipya la siri la kuingilia.

Wakati huohuo akaingia mpiga chapa wetu, mwanamke wa Tanga ambaye Kiswahili chetu sisi Wasukuma kilikuwa burudani yake ya kila siku.

“Shikamoo, mtaalamu!”

Nikamwitikia bila kugeuka, kwa hasira, na kwa kuwa sikuwa na neno jingine kichwani, nikaandika hilohilo. Mara mbili, kama nilivyoamriwa. Kwenye skrini zilionekana nyota tu.

Asubuhi malori ya pamba yalikuwa yamejipanga hadi barabarani, wakulima wamekaa juu ya magunia. Nikaandika *marahaba*. Kompyuta ikakataa. Nikaandika tena, polepole, kwa kidole kimoja. Ikakataa, ikanitangazia kwamba nimebakiza mara moja. Nikikosea itajifunga mpaka aje fundi kutoka Dar es Salaam, naye fundi alikuwa mtu wa kuja kwa treni. Mpaka hapo hakuna mashine itakayowaka.

“Nani ameigusa hii?” nikamgeukia mzee.

“Mimi nagusa grisi,” akasema.

Mpiga chapa akachungulia mlangoni. “Neno lenyewe ni lipi?”

“Ni siri.”

“Siri gani, kaka, na malori yote yale yanaingoja?”

Nikamwambia. Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

“Basi andika ulivyoniitikia jana.”

“Si ndivyo nilivyoandika?”

“Hata! Ukiwa na furaha unaitikia marahaba. Ukikasirika unaitikia *malahaba*. Na jana ulikuwa umekasirika kwelikweli.”

Nikakana. Nikasema mimi nina shahada. Mzee akasema shahada haikai ulimini. Nje lori likapiga honi, kisha mengine yakaitikia, na meneja akatoka ofisini kwake kuja upande wetu.

Nikaandika, nikiweka L mahali pa R. Nikafumba macho, nikabonyeza.

Skrini ikafunguka. Mzee akakimbilia swichi zake, mashine zikaanza kunguruma moja baada ya nyingine, na visanduku vikawaka vyekundu vyote, kama nyumba inayoungua.

Aliporudi akaitazama skrini, akifuta mikono.

“Umeona? Langi zimekaa vizuri sasa.”

Nikafungua mdomo. Mpiga chapa alikuwa bado mlangoni, ananitazama. Nikaufunga.