Kitabu kwenye Kichanja cha Kahawa

Leo nimeanika kitabu kwenye kichanja cha kukaushia kahawa, na sijutii hata kidogo.

Maktaba yetu ya parokia hapa Kibosho huazimana vitabu na maktaba ya chuo kimoja mjini Moshi. Mwanafunzi wa uuguzi alihitaji sura moja ya kitabu ambacho chuo hakina. Mtihani wake ni kesho, na mvua ya jana imeikata barabara yetu.

Nikaamua kuiskani kwa simu.

Kwanza nilifanyia kazi ndani, mezani. Mkutubi wa chuo akaniandikia:

"Shikamoo Mwalimu. Samahani, kivuli cha kichwa chako kimefunika nusu ya ukurasa."

Mimi, niliyewafundisha wengi wenu wa kundi hili na kuwarudishia madaftari machafu, leo nimerudishiwa langu!

Nikatoka nje. Jua likaifanya karatasi ing'ae isisomeke.

Ndipo nikakiona kichanja, kimefunikwa neti inayopunguza ukali wa jua. Nikasogeza kahawa, nikakiweka kitabu, nikapiga picha kurasa zote za sura ile, nikazituma.

Mke wangu akapita na majani ya ng'ombe.

"Baba Anna, kikikauka tutakikoboa?"

Nilikuwa kazini.

Mchana mkutubi akaandika tena: "Kila herufi inasomeka, Mwalimu, na mwanafunzi ameshaanza kusoma. Mmenunua mashine gani?"

Wanafunzi wangu wa zamani mliomo humu kundini, nipeni alama. Msinipendelee.

Mama Anna sasa anawaambia majirani, "Tumeskani kitabu kizima!"

Ni sura moja tu, lakini leo sitamsahihisha.